Miunganisho ya mtandao "ya ndani" au "wa ndani"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Tunabadilisha kerneli, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayosimamia programu na vifaa, ili programu mbili zilizo kwenye kompyuta moja ziongee upesi zaidi, na maelezo ya kazi tunayaandika kwa Kiswahili. Kichwa nimeandika "Kuharakisha miunganisho ya mtandao ya ndani kwenye kerneli". Mwenzangu kafuta "ya ndani" kaweka "wa ndani", anasema neno likikaa karibu na mtandao lifuate mtandao. Mwingine anasema "kuharakisha" haifai hapo na "kerneli" si Kiswahili. Tumsikilize nani?

Marahaba. Huyo wa kwanza kakosea, tena kosa lenyewe linabadilisha maana, kwa hiyo tuanze naye. Kwenye Kiswahili upatanisho haufuati jirani, unafuata mwenye sifa. Ukisema "milango ya chumba cha mbao", chumba ndo cha mbao na milango inaweza kuwa ya chuma, ila ukisema "milango ya chumba ya mbao" basi mbao ni za milango, chumba kijengwe na chochote. Sasa rudi kwako. "Miunganisho ya mtandao wa ndani" ni miunganisho ya ule mtandao unaounganisha kompyuta kadhaa ndani ya jengo, una waya, una vifaa vya kusambaza data kama swichi na raita. "Miunganisho ya mtandao ya ndani" ni miunganisho ambayo yenyewe ni ya ndani, haitoki nje ya mashine. Herufi moja tu imekutoa kwenye 127.0.0.1, anwani ambayo kompyuta hujiita yenyewe, ikakupeleka kwenye waya, na msomaji anayejua kazi atafungua maelezo yenu akitegemea kusoma habari za swichi afu azikose.

Lakini usimcheke mwenzako haraka, manake hiyo sentensi yako inasimama kwa bahati. Muunganisho na mtandao ni ndugu wa ngeli moja, umoja wote wanachukua wa, wingi wote wanachukua ya. Wewe umeokoka kwa sababu mmoja umemweka kwenye wingi na mwingine kwenye umoja. Andika "muunganisho wa mtandao wa ndani", nani wa ndani hapo? Hajulikani. "Miunganisho ya mitandao ya ndani" nayo vilevile, giza. Na maelezo ya kerneli hayawezi kukaa kwenye wingi mwanzo hadi mwisho, mahali fulani utataka kusema muunganisho mmoja unafunguliwa hivi na kufungwa hivi, hapo umekwama. Kwa hiyo ukiniuliza mimi achana kabisa na "ya ndani", sema "muunganisho wa programu za mashine moja". Ni maneno marefu kidogo lakini hayana utata popote.

Na wakati tuko hapo, ni muunganisho, si "mwunganisho" kama wanavyoandika wengine, u ikifuatwa na u mwenzake kwenye maneno kama haya hubaki vilevile, muundo, muungano, muunganisho. Wala si "muungano", manake muungano unatoka kwa kuungana, wawili wameungana wenyewe, na muunganisho unatoka kwa kuunganisha, kuna aliyewaunganisha. Kwenu aliyeunganisha ni kerneli, programu zimeomba tu. "Kiunganishi" waachieni watu wa sarufi.

Sasa "kuharakisha". Huyu wa pili ana hoja japo sidhani kama aliifikiria hadi mwisho. Ukimharakisha mtu unamfanya apige hatua zilezile kwa haraka, umbali haujapungua, anayetoka jasho ni yeye. Je, ndo mnachofanya? Hebu tazama safari yenyewe ilivyo. Programu mbili kwenye mashine moja zikiongea kwa TCP, yaani kanuni za kusafirisha data mtandaoni, kupitia 127.0.0.1, data haigusi kadi ya mtandao hata kidogo, inaingia kwenye intafesi ya lo, yaani kadi ya mtandao ya kubuni ndani ya kompyuta, na kugeuka hapohapo, ila kabla ya kugeuka inafanyiwa karibu mambo yote ya msafiri wa mbali: inapangwa kwenye paketi (vifurushi vya data), inapewa namba za mfuatano, inasubiri majibu ya "nimepokea", inapimwa kama njia imejaa, na hiyo njia ni kumbukumbu ya kompyuta hiyohiyo! Kwenye Linux wamepunguza adha kidogo, paketi ya lo inaruhusiwa kufika baiti 65536 wakati ya Ethernet, mtandao wa waya wa kawaida, ni 1500, na ile hesabu ya kukagua kama data imeharibika njiani hairudiwi, manake njia yenyewe haipo.

Wengine wameenda mbali zaidi. Kwenye mfumo endeshi wa Solaris 10 kerneli ikigundua ncha zote mbili za TCP ziko kwenye mashine moja inazishikanisha, data inatoka kwa huyu inaingia kwa yule moja kwa moja bila kushuka ngazi zote za chini. Windows 8 na Windows Server 2012 zilikuja na njia fupi ya namna hiyo, ila pande zote mbili zilitakiwa ziiombe kabla muunganisho haujafunguliwa. Na kuna wanaoiacha TCP kabisa wakatumia soketi za Unix, milango ya mazungumzo ya programu za mashine moja, ambazo tangu mwanzo hazijifanyi kusafiri.

Umeona? Hakuna aliyeharakishwa. Data haikukimbia, imeruka hatua. Kitenzi chenu ni kufupisha, mnafupisha njia. "Kuongeza kasi" ningeikubali kwenye ukurasa wa matokeo, pale mnapoonyesha namba za kabla na baada, kwa sababu kasi ni kitu cha kupimwa, lakini kwenye kichwa cha habari inaeleza tunda inauacha mti. Tahadhari moja tu, msije mkapenda "njia ya mkato" mkaandika "kukata muunganisho" au "kukatisha muunganisho", hapo mtakuwa mmetangaza kwamba mazungumzo yamevunjika.

Kuhusu kerneli sina ugomvi. "Kiini" ni neno zuri, nalipenda, na ukimwandikia mtu asiye wa fani litumie, "kiini cha mfumo endeshi" anaelewa bila kuuliza. Shida yake lina kazi nyingi mno, kuna kiini cha yai, kiini cha atomi, kiini cha tatizo, na ukiandika "kiini cha tatizo kiko kwenye kiini" msomaji atadhani umelala kwenye kibodi. Wanaofanya kazi hiyo wanasema kerneli, basi ni Kiswahili kama soketi na programu zilivyo Kiswahili, mradi uipe ngeli yake: kerneli inapokea, kerneli zinapokea. Ukitaka kuiambatisha -ni haina kosa, kernelini kama ofisini, ila chagua moja, "katika kernelini" ni kuvaa kofia mbili.

Kichwa ningeandika: "Kufupisha njia ya data kati ya programu za mashine moja ndani ya kerneli". Nimechagua "ndani ya" badala ya "kwenye" kwa makusudi, neno lako la "ndani" nimelihamisha tu, sasa limekaa na kerneli.