Jibu: Kribensisi wanachungulia pango, hawaingii

Mkuu, salama? Umesema jozi yako ya kribensisi, hawa samaki wadogo wa tangini, huko Njiro, jike tumbo la zambarau wiki nzima, yaani yuko tayari kutaga, umewalazia kikombe cha chai kiwe pango lao lakini wanachungulia na kuondoka.

Kabla hujalaumu maji, angalia mlango. Kikombe kina mdomo mpana mno. Hawa hubandika mayai kwenye dari ya pango. Jike hukaa ndani kuyapepea, dume analinda nje. Mlango ukiwa wazi vile hawaoni kama ni nyumba. Wangu nawapa upana wa vidole viwili.

Mimi natumia kifuu. Nazi ya sokoni Mbuyuni hapa Moshi, ipasue katikati, kwangua nyama yote maana ikibaki inaoza, kisha chemsha ukibadilisha maji mpaka yaache kutoa rangi. Mara ya kwanza nilichemsha mara moja tu, tangi likawa kama chai ya rangi! Samaki hawakudhurika, ila wageni walicheka.

Chonga kijimlango ukingoni kwa msumeno wa chuma, piga msasa, kifunike juu ya mchanga. Nusu ya mlango iache imezibwa na mchanga. Wakianza kuuchota kwa midomo, ujue wamepakubali.

Mlango usitazame upande watoto wa nyumbani wanakopita. Jike akipotea ndani, akawa anatoka tu kumfukuza dume, mayai yapo. Usiinue kifuu kuhakikisha. Mimi niliinua, kesho yake wakawa wameyala yote.

Apistogramma, wale samaki wengine uliouliza mwishoni, sijawahi kuwafuga, hilo nawaachia wengine.