Mshauri yuko likizo, programu inasema ana nafasi

Ndugu, umesema Microsoft Project, programu ya kupanga miradi, inaonyesha washauri wako wana nafasi ilhali wengine wako likizo, na taimshiti (fomu za saa walizofanya kazi) zinaletwa mwisho wa mwezi zikiwa za kukisia. Hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye.

Anza na kalenda. Usipoigusa, programu huhesabu saa 8 kwa siku, 40 kwa wiki, na haijui Idi wala Sabasaba mpaka uiambie. Sikukuu ziweke kwenye kalenda ya pamoja. Likizo ya mtu iweke kwenye kalenda yake mwenyewe. Mshauri anayegawana wiki na mradi mwingine mpangie asilimia 50 ya muda wake. Hapa ndipo wengi tunapokosea: kila mradi unadai muda wote wa mtu, naye ni mmoja.

Taimshiti zikusanye kila Ijumaa. Nani anakumbuka Jumanne ya wiki tatu zilizopita alifanya nini? Saa za safari na vikao zipe mstari wake, la sivyo zitajificha ndani ya kazi ya mteja na ankara italeta ugomvi. Na malipo ya mshauri yasipite kabla taimshiti haijaidhinishwa. Utashangaa kumbukumbu zinavyorudi haraka.