Jibu: Piano ya bure kwa studio ya nyumbani

Ndugu yangu, umeuliza iwapo piano ya bure ya kwenye kompyuta inatosha kurekodia nyimbo za kwaya chumbani kwako Mbagala. Inatosha kabisa. Anza na Salamander Grand Piano, mkusanyiko wa sauti za piano kubwa halisi, Yamaha C5, iliyorekodiwa kwa viwango 16 vya nguvu ya kidole, hivyo ukibonyeza taratibu unasikia ulaini wa piano yenyewe, na si sauti ileile iliyopunguzwa tu; tena, kwa kuwa piano hii haipiti kwenye maikrofoni yako, haibebi mngurumo wa feni wala honi za bodaboda. Ifungue kwa sforzando, programu ya kuchezea sauti za aina hii, ambayo nayo ni ya bure. Faili ni kubwa, kwa hiyo pakua kwa bando la usiku. Sauti ikikatikakatika, ongeza bafa (buffer, yaani nafasi ambayo kompyuta hujipa kuandaa sauti) kwenye programu yako ya kurekodia.