Maswali na majibu: mtetemo usiokwisha katika pikapu kuukuu

Safu hii nimeitenga kwa tatizo moja, kwa kuwa barua zinazolihusu zimekuwa nyingi: pikapu ya miaka mingi ambayo injini yake bado inavuta na bodi yake bado imesimama, lakini ikifika mwendo fulani hutetemeka hadi dereva akashuka mikono ikiwa na ganzi. Karibu wote walioandika wamekwisha kubadilisha vipuri viwili vitatu bila nafuu. Kabla ya kununua cha nne, inafaa kujua mtetemo unafuata nini: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, uzito wa mzigo, au mguu wa dereva kwenye breki.

*Fundi, salamu. Nina Toyota Hilux ya dizeli ya mwaka 1994, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ikifika kilomita 80 kwa saa huanza kutetemeka, kwenye 90 huzidi, na ikipita 100 hupungua kidogo. Nimenunua tairi nne mpya na kufanya balansi mara mbili. Sasa gereji wanasema nibadilishe mauntingi za injini. Nikubali? (Msomaji, Morogoro)*

Usitoe pesa kwanza. Tafuta kipande kilichonyooka na kisicho na magari, kama vile vilivyopo ukielekea Dodoma, uendeshe kwa kilomita 90 kwa saa ukiwa gia ya tano, kisha urudi gia ya nne kwa mwendo uleule. Injini itakuwa imeongeza mizunguko, lakini magurudumu na propela shafti (bomba la chuma linalopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma) vitakuwa vinazunguka kama mwanzo. Mtetemo usipobadilika, injini na mauntingi zake, yaani raba zinazoishikilia, hazina hatia. Baadaye simamisha gari, weka gia huru, ukanyage mafuta hadi injini ifikie mizunguko iliyokuwa nayo barabarani; ikitulia hapo, una ushahidi wa pili. Tatu, ukiwa kwenye 90 tena, toa gia na uiache pikapu iserereke yenyewe huku injini ikiwaka, mahali pa tambarare tu, wala usijaribu hili kwenye mteremko. Mtetemo ukiendelea vilevile, tuhuma zinabaki kwa vitu vinavyozunguka kwa mwendo wa gari. Ukipotea mara tu nguvu ya injini inapoondolewa, angalia zaidi krosi (viungo vya umbo la msalaba kwenye ncha za shafti) na pembe za shafti, ambazo hulalamika zinapobeba nguvu.

Hatua inayofuata ni kutofautisha gurudumu na shafti, na hapa hesabu ndogo inasaidia kuliko kubahatisha. Piga alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari hadi alama irudi chini, upime umbali. Tuseme umepata mita 2.25. Kilomita 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 11 hivi kila sekunde. Shafti inazunguka haraka zaidi kwa kadiri ya uwiano wa difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma. Ili kuupata, weka vizuizi vizito kwenye magurudumu ya mbele, toa gia, achia breki ya mkono, nyanyua gurudumu moja la nyuma, ulizungushe mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya shafti. Ikizunguka mara nne na kidogo, uwiano wako unakaribia 4.1, na kwenye kilomita 90 shafti inazunguka mara 45 hivi kwa sekunde.

Mara 11 na mara 45 mwili wa binadamu huzitofautisha bila kifaa. Gurudumu lenye kasoro hutikisa gari kwa namna inayokaribia kuhesabika: chai kwenye kikombe inaruka, kioo cha pembeni kinacheza, usukani unakwenda huku na huku. Shafti iliyokosa balansi huleta mtetemo mwembamba unaosikika kwenye sakafu, kiti na fimbo ya gia, ukiambatana na mvumo mzito masikioni. Krosi iliyokaa kwa pembe mbaya hutikisa mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 90 hivi kwa sekunde katika mfano wetu, na hiyo husikika kama kunguruma zaidi kuliko kutetemeka.

Ukiona dalili ni za gurudumu, usiridhike na neno "balansi imefanyika". Mashine ya balansi husawazisha uzito. Haifanyi tairi lisilo duara kuwa duara. Nyanyua kila gurudumu, simamisha kipande cha mbao sakafuni kikikaribia tairi bila kuligusa, kisha uzungushe taratibu ukitazama ule mwanya. Ukipanuka na kujibana kwa zaidi ya milimita moja na nusu, tairi au rimu ina kasoro. Pitisha pia kiganja juu ya uso wa tairi, kwa sababu uvimbe mdogo unaweza kuwa ni nyuzi za ndani zilizoachana, na tairi la namna hiyo linatolewa siku hiyohiyo hata kama ni jipya. Kagua tundu la katikati la rimu: rimu za kuokoteza kutoka gari jingine mara nyingi huwa na tundu pana kuliko kitovu, zikakaa upande.

Ukiona dalili ni za shafti, ingia chini. Krosi iliyochoka mara nyingi hutoa unga mwekundu wa kutu kwenye kofia zake. Ishike shafti kwa mikono miwili uipindepinde kinyume na flanji (sahani ya chuma inapofungiwa kwa bolti). Mchezo wowote, yaani ulegevu, unaosikika mkononi ni mwingi mno. Krosi nyingine haina mchezo lakini ukiifungua inakwama katikati, kwa sababu sindano za beringi zimechimba vijistari kwenye chuma. Hiyo nayo imekwisha.

Niongeze jambo lililonigharimu mwenyewe. Pikapu yangu ya kwanza ilianza kutetemeka baada ya kubadilishiwa klachi, na kwa miezi mitatu nilihangaika na tairi, rimu na hata mauntingi hizohizo unazoambiwa wewe. Mwishowe nililala chini yake na tochi, nikaona mishale miwili midogo iliyogongwa kwenye chuma, mmoja kwenye shafti na mmoja kwenye mkono wake unaoteleza, haitazamani. Aliyeirudisha shafti aliikosea meno mawili. Krosi moja ya shafti haizunguki kwa mwendo sawa inapokuwa kwenye pembe. Huharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko, na ile ya upande wa pili huwekwa ili ifute kasoro hiyo. Zikipishana, badala ya kufutana zinaongezeana. Kuichomoa na kuirudisha kwa alama kulinichukua dakika 20. Tangu hapo, kabla shafti yoyote haijafunguliwa mbele yangu, napiga rangi mahali pote inapoungana.

*Pikapu yangu hubeba viazi. Nikiondoa gari likiwa na mzigo, hutetemeka chini ya kiti kwa nguvu, kisha likifika kama kilomita 30 hutulia kabisa. Bila mzigo tatizo ni dogo. Niliongeza majani mawili ya springi mwaka jana. (Msomaji, Njombe)*

Umejijibu katika sentensi ya mwisho, ingawa kuna mambo mawili yanayoweza kuwa yanashirikiana.

La kwanza ni senta beringi, ile inayoishika shafti katikati, ikiwa shafti yako ni ya vipande viwili. Beringi hiyo imening'inizwa ndani ya raba, na raba ikikauka au kupasuka, shafti hupanda na kushuka wakati wa kuondoka, pale nguvu inapokuwa kubwa na mwendo mdogo. Ichomekee bisibisi nene uinyanyue kidogo. Raba nzima hurudi mahali pake. Iliyokufa huacha shafti ikalala. Wengi huuza beringi na raba yake kama kitu kimoja, na ukinunua, linganisha urefu wa vishikizo na vya zamani kabla ya kuondoka dukani, kwa kuwa tofauti ya milimita chache hubadilisha pembe ya shafti nzima.

La pili ni hayo majani. Springi zikiinuliwa, ekseli hushuka mbali na chesisi na pembe za krosi huongezeka. Zaidi ya hayo, unapokanyaga mafuta, pua ya difu hutaka kuinuka, na kama yu-bolti zinazofunga ekseli kwenye springi zimelegea au senta bolti inayoshikanisha majani imekatika, ekseli nzima hujipindua kidogo juu ya springi na kukuletea tetemeko hilo. Kaza yu-bolti kwanza, ukague senta bolti, kisha upime pembe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na mzigo wake wa kawaida. Simu yenye programu ya kupimia mlalo inatosha kwa kazi hii: iegemeze kwenye flanji ya giaboksi, halafu kwenye flanji ya difu. Pembe hizo mbili zinatakiwa zilingane au zikaribiane kwa digrii moja. Zisipolingana, kabari za chuma kati ya springi na ekseli hurekebisha, lakini ziwe za chuma cha kuchonga, si vipande vya bati vilivyokunjwa, maana ekseli inayoteleza juu ya bati ni hatari kuliko mtetemo.

Kama hayo yote ni mazima, ndipo uanze kufikiria klachi na mauntingi.

*Nikifunga breki kutoka kilomita 80, usukani hutetemeka. Nisipofunga, gari ni shwari. (Msomaji, Nakuru)*

Diski za mbele. Sehemu ya kumi ya milimita ya kupinda inatosha kuhisiwa mikononi. Kabla ya kuzichonga au kununua nyingine, toa diski, sugua kutu iliyopo kati yake na kitovu, uirudishe na kupima tena, kwani mara nyingi diski haijapinda bali imekalia uchafu. Nati za gurudumu zikazwe kwa kupishana, na si kwa bomba refu la mtu mmoja mwenye hasira. Kama kingetikisika kiti badala ya usukani, ningekuelekeza kwenye dramu za nyuma, ambazo hujulikana kwa kuvuta breki ya mkono taratibu kwenye mwendo mdogo, barabara ikiwa tupu na kitufe chake kikiwa kimebonyezwa.

*Nina Land Cruiser pikapu ya mwaka 1991, ekseli nzima mbele. Nikigonga shimo kwenye kilomita 60, mbele yote hurukaruka na usukani hunipokonya mikono mpaka nisimame. Fundi ameweka shokapu mpya ya usukani, ikapoa kwa wiki mbili tu. (Msomaji, Dodoma)*

Shokapu hiyo ilificha ugonjwa kwa wiki mbili. Naomba usiendeshe gari hilo barabara kuu mpaka mchezo uliopo mbele umepatikana, kwa kuwa huu ni mtetemo unaoweza kukutoa barabarani.

Gari likiwa chini na injini inawaka, mtu achezeshe usukani kushoto na kulia kwa mkato mfupi huku wewe ukishika kila kiungo cha fimbo za usukani kwa zamu. Jicho hudanganyika; kidole huhisi kiungo kinachogonga. Kisha nyanyua gurudumu, lishike juu na chini, ulivute na kulisukuma. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za juu na chini za kifundo kinachogeuza gurudumu, zile zinazokaa kwenye mpira mkubwa wa ekseli, na hizo zikilegea hakuna shokapu itakayosaidia. Zinakazwa kwa kupanga vipande vyembamba vya chuma chini ya kofia zake, na ukazo hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye mkono wa usukani. Fundi anayekaza kwa kukisia huziacha zikiwa legevu au huziua kwa kuzibana.

*Injini ya dizeli hutetemesha kabini nzima ikiwa kwenye sailensa, yaani ikiwaka gari limesimama bila kukanyagwa mafuta. Barabarani hakuna tatizo. (Msomaji, Mombasa)*

Hapo ndipo mauntingi zinapostahili kutazamwa, pamoja na silinda isiyofanya kazi sawasawa. Kwa injini ya zamani yenye pampu ya kawaida, fundi hulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine. Silinda ambayo ikikatwa mlio haubadiliki ndiyo mgonjwa. Avae miwani na glavu, na asithubutu kufanya hivyo kwa injini za kisasa zenye mfumo wa reli moja (common rail), ambako dizeli hutoka kwa shinikizo la kupenya ngozi.

*Nilitoka shamba wakati wa mvua na gari likaanza kutetemeka ghafla. (Msomaji, Kilosa)*

Osha ndani ya rimu na juu ya shafti. Tope lililokauka upande mmoja wa rimu ni uzito kama uzito mwingine.

*Tumekwisha kukagua kila kitu: krosi mpya, alama ziko sawa, tairi ni duara. Bado shafti inavuma kwenye 90, na huku kwetu hakuna mashine ya kuibalansi. Kuna njia? (Msomaji, Sumbawanga)*

Ipo, ni ya zamani na inafanya kazi. Nunua klipu mbili za skrubu zinazobania mipira ya rejeta, za kutosha kuzunguka bomba la shafti. Gawanya bomba, karibu na upande wa difu, kwa alama nne za chaki. Funga klipu moja kichwa cha skrubu kikiwa kwenye alama ya kwanza, endesha hadi 90, andika ulichohisi. Rudi, hamishia kwenye alama ya pili, hivyohivyo hadi ya nne. Alama moja itakuwa na nafuu kuliko nyingine. Ikiwa nafuu haitoshi, ongeza klipu ya pili hapohapo. Ikiwa mbili zimezidi, zitenganishe kwa umbali sawa kila upande wa alama ile. Kadiri vichwa vinavyoachana, ndivyo uzito wake unavyopungua nguvu. Hakikisha hazigusi bomba la breki wala waya wa breki ya mkono. Siku utakapopata mashine, fundi atoe klipu na kuchomelea kipande cha chuma mahali pake, na kabla ya siku hiyo uzikaze upya kila unapobadilisha oili.