Busta "inavuta hewa" au "haivuti"?

Msomaji wa Uyole, Mbeya, ameniletea swali refu, nalifupisha. Amerithi kwa baba yake Peugeot 504 ya petroli. Tangu mwezi uliopita pedeli ya breki imekuwa ngumu kama jiwe: gari husimama, ila mpaka akanyage kwa mguu mzima na mgongo aukaze kwenye kiti. Fundi wa kwanza, pale Mwanjelwa, alisema: "Busta inavuta hewa." (Busta ni kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu kwenye breki.) Wa pili akasema: "Busta haivuti." Msomaji akaona wanapingana, akaenda kwa wa tatu, ambaye alimwambia breki zina upepo, lazima utolewe. Ukatolewa mara mbili. Pedeli ngumu vilevile. Anauliza: "Shikamoo mwalimu. Inavuta au haivuti? Nani kasema Kiswahili sahihi? Na hili neno 'ombwe' la vitabuni, mbona gereji sijalisikia?"

Marahaba. Mafundi wako wawili wa kwanza hawakupingana hata kidogo. Walikuambia jambo lilelile, mmoja akitaja chanzo na mwingine akitaja matokeo. Busta inavuta hewa, ndiyo maana haivuti.

Siri iko kwenye yambwa, yaani kile kinachotendewa. Fundi wa pili alikiacha kitenzi bila yambwa, kwa sababu kwa watu wa kazi hiyo haihitaji kutajwa: busta "inavuta" maana yake inausaidia mguu wa dereva. Fundi wa kwanza aliitaja yambwa, nayo ni hewa, kitu kisichotakiwa kuingia mahali pale kwa wakati ule. Ni kama pampu ya kisima. Tukisema "pampu haivuti", tunamaanisha maji hayapandi. Tukisema "pampu inavuta hewa", tunamaanisha kuna tundu kwenye bomba, na kwa hiyo maji hayapandi. Hakuna mkulima wa Rujewa anayedhani sentensi hizo mbili zinagombana.

Kitenzi hiki kinabebeshwa mengi mno gereji. Gari "halivuti" likipanda Kitonga: injini haina nguvu. Gari "linavuta kushoto" ukifunga breki: magurudumu ya upande mmoja yanashika kuliko ya upande wa pili. Kwa hiyo ukimwambia fundi "lina shida ya kuvuta" ukanyamaza, umemwachia milango minne aingie wowote.

Tuangalie busta yenyewe, maana hapo ndipo maneno yanapopata uzito. Ni kopo kubwa la bati la mviringo, limekaa kati ya pedeli na masta ya breki, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki. Ndani limegawanywa vyumba viwili na mpira mpana. Mafundi huuita mpira wa ndani au dayaframu. Kiswahili kina neno kiwambo, kutokana na kuwamba, kitenzi kilekile cha kuwamba ngoma kwa ngozi. Ni neno zuri na linaeleza kitu kilivyo, ningefurahi lirudi. Injini ya petroli inapozunguka hunyonya hewa kutoka vyumba vyote viwili, kupitia mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi, njia ya hewa ya kuingilia injini. Ukikanyaga pedeli, mlango hufunguka na hewa ya nje huingia chumba kimoja tu, cha upande wa dereva. Hewa hiyo hukisukuma kiwambo kuelekea upande usio na hewa, nacho huisukuma masta pamoja na mguu wako.

Umeona? Kisayansi busta haivuti kabisa. Husukumwa na uzito wa hewa ya nje. Sitawaambia mafundi waache kusema "inavuta", kwa kuwa kinywaji cha soda nacho tunasema tunakivuta kwa mrija, na ukweli wake ni uleule. Lakini fikra ya kusukumwa inaeleza jambo ambalo watu wa nyanda za juu wanalijua kwa mguu. Jiji la Mbeya liko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, na kanieneo ya hewa, yaani nguvu yake ya kusukuma, hapa ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya tano. Hewa inayosukuma kiwambo ni nyepesi, kwa hiyo gari lililotoka Pwani likiwa zima linaweza kuonekana na pedeli nzito kidogo likifika kwetu. Kidogo, lakini. Pedeli kama jiwe ni ugonjwa.

Aliyekupoteza ni fundi wa tatu, na aliyempoteza yeye ni neno "upepo". Kwenye malori ya barabara ya TANZAM upepo ndio nguvu yenyewe ya breki, hewa iliyoshindiliwa kwenye matangi. Dereva akisema "upepo umeisha", amekosa kitu cha lazima. Kwenye gari dogo lenye mafuta ya breki, upepo ni adui: umeingia kwenye paipu, na dalili yake ni pedeli laini, inayozama kama unakanyaga sponji. Yako ni ngumu. Ngumu na laini ni magonjwa ya pande mbili tofauti, na kutoa upepo hakuwezi kutibu ugumu. Nadhani hata wewe ulichangia, ikiwa ulimwambia "breki zimefeli" kama magazeti yanavyoandika kila ajali. "Kufeli" humeza kila kitu. Sema pedeli ni ngumu, au inazama, au breki zinang'ang'ania hata ukiachia. Hayo fundi anaweza kuyafanyia kazi.

Neno jingine la kuhadhari nalo ni "inavuja". Kuvuja ni kwa kitu kinachotoka: maji, mafuta. Ukisema "busta inavuja", macho yatatafuta tone, na tone halipo, maana kinachotokea ni hewa kuingia. Sema "inaingiza hewa". Isipokuwa mafuta ya breki yakipungua kila wiki na chini ya gari pakavu: hapo huenda masta inayavujisha kwa nyuma, ndani ya busta, na injini inayanyonya na kuyachoma kwa moshi mweupe.

Kabla ya kurudi gereji, jaribu hivi. Zima injini, kanyaga pedeli mara tano au sita mpaka iwe ngumu, endelea kuikandamiza kwa mguu, kisha washa injini. Busta nzima itaiachia pedeli ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, busta haipati ombwe, ile hali ya kutokuwa na hewa, au haiwezi kulitunza. Ukisikia mluzi wa hewa ukikanyaga, au mngurumo wa injini ukiyumba, shuku kiwambo kimechanika. Kama sivyo, kagua ule mpira mnene: gari la umri huo huwa limepasuka mpira sehemu isiyoonekana, chini kwenye kibano. Na valvu ya njia moja inapoungana na busta, ambayo kazi yake ni kutunza ombwe injini ikizimika, nayo huchoka.

Ombwe, basi. Ni neno halali la Kiswahili sanifu, nafasi isiyo na hewa, na wanasiasa wamelizoea kwenye "ombwe la uongozi". Gereji husema vakyumu, nayo inaeleweka. Lakini ombwe lina faida moja: linakukumbusha kuwa ni kitu cha kutunzwa, kama maji kwenye mtungi. Kuna madereva wanaozima injini kwenye mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi ili waokoe petroli. Ombwe lililobaki linatosha kukanyaga mara moja au mbili hivi, halafu pedeli inakuwa hiyohiyo unayonilalamikia, na mteremko bado upo.

Kwa fundi wa Mwanjelwa, yule wa kwanza, nenda na sentensi hii: "Pedeli ni ngumu, nikiwasha injini haishuki, nitafutie busta inaingiza hewa wapi." Usikubali kutolewa upepo mara ya tatu.