Mfupa wa taya umekonda: nisubiri seli shina?

SWALI: Daktari, niling'olewa gego la chini miaka miwili iliyopita. Sasa nataka jino la kupandikiza la skrubu, lakini nimeambiwa mfupa umekonda, na kwanza niwekewe unga wa mfupa wa ng'ombe. Nasikia seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za mfupa, huotesha mfupa halisi. Nisubiri hizo?

JIBU: Kwa pengo la jino moja, usisubiri.

Unga huo umesafishwa hadi yakabaki madini matupu. Hauna seli hata moja. Kazi yake ni kushikilia nafasi. Damu huingia kati ya chembe, vimishipa huota, kisha seli za mfupa wako wa jirani hutambaa juu yake na kujenga. Kwa hiyo seli shina zimo tayari, tena ni zako. Ndiyo maana daktari hutoboa vitundu vidogo kwenye taya kabla ya kuweka unga: anataka damu ya uboho ichuruzike. Juu yake hufunika utando wa kolajeni (aina ya protini), kwa sababu ufizi hukua haraka kuliko mfupa, na ukiachiwa mwanya utaijaza nafasi yote kwa nyama.

Seli shina hizo unazozisikia mara nyingi hupatikana kwa kuvuta uboho kwenye nyonga, kisha kuuzungusha kwenye mashine ili seli zikusanyike. Nazo haziwekwi peke yake. Huchanganywa na unga uleule, au mwingine wa aina hiyo. Tatizo kubwa ni damu: seli zilizo katikati, mbali na mishipa, hufa kwa kukosa oksijeni. Pengo likiwa kubwa, tuseme taya limekatwa kwa sababu ya uvimbe, hapo ndipo msaada wake ungehitajika zaidi, lakini hata huko bado tunategemea sana mfupa mwembamba wa mguu, unaohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu. Anayekutangazia "seli shina" kwa jino moja, muulize anazitoa wapi na anazichanganya na nini.

Kuliko hayo, ningehangaikia zaidi sigara, kisukari kisichodhibitiwa, na dawa za kuimarisha mifupa kama bisfosfoneti. Kama unatumia dawa hizo, au uliwahi kuzitumia, mwambie daktari kabla hajagusa taya. Baada ya kuweka unga, kwa kawaida husubiriwa miezi 4 hadi 6, kisha picha ya eksirei hupigwa ndipo skrubu iingie.