Zile picha za sufuria uani si za sherehe

Kila picha ya sufuria na moshi ikifika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, jibu kutoka nyumbani Uganda, iwe Bombo, Arua au Kibuli, huwa lilelile: "Nyinyi huko mnakula tu!" Mashangazi wanauliza kwa huruma, vijana kwa kejeli, kwa nini watu walioko Uingereza, wenye majiko ya umeme, wapike pilau nje kwenye baridi ya Januari. Basi tuseme ukweli: nyingi ya picha hizo ni za hitma, kisomo cha kumwombea marehemu.

Kwetu Waislamu maiti halazwi. Amefariki asubuhi, alasiri yuko kaburini. Aliyeko huku Leicester, hata akibahatika kupata tiketi siku hiyohiyo, atafika Entebbe watu wameshazika. Na wengi safari yenyewe hawaiwezi. Anayesubiri kuongezewa viza akitoka nchini, ombi lake huhesabiwa limeondolewa. Mwenye ajira anaweza kupewa siku mbili tatu, lakini mzazi akifa sheria haimlazimishi mwajiri kumlipa siku hizo.

Kwa hiyo matanga yanawekwa huku, kwenye nyumba ya vyumba viwili, na watu sitini wanakuja. Jikoni king'ora cha moshi kinaanza kulia vitunguu havijaiva hata rangi. Ndipo kila kitu kinahamia uani. Halafu kuna vijana ambao nyumbani wangeshika jembe kuchimba kaburi. Huku kaburi la kuchimba hakuna, basi wanashika mwiko. Arobaini inapita na wengine hawauachi tena. Wananunua jiko kubwa la gesi, wanaagiza sufuria za Katwe, kule Kampala, kwenye kontena la mtu, na msiba wowote ukitokea ndio wanaopigiwa simu kwanza. Mkimwona mtu kama huyo picha zake zote ni za moto, msimcheke. Ulizeni alifiwa na nani.

Sasa kazi yenyewe, maana kupika nje huku si sawa na kupika nje Bombo. Kwa watu sitini tunahesabu mchele kilo 6, nyama yenye mifupa kilo 6, vitunguu maji kilo 2, mafuta lita moja, tangawizi na kitunguu saumu gramu 200 kila kimoja, na sufuria ya lita 40. Mchele wa hapa ni basmati, na hapo ndipo wageni huharibu. Wanaulowesha nusu saa, halafu wanautilia maji vikombe viwili kwa kimoja kama ule mchele wa nyumbani uitwao supa. Unatoka uji. Basmati iliyoloweshwa inataka supu kikombe kimoja na nusu, tena kwenye sufuria kubwa punguza kidogo, kwa sababu mvuke mwingi hautoki. Usiukoroge ovyo, unakatika. Supu ikishashuka usawa wa mchele, geuza mara moja kutoka chini, funika.

Ugomvi mkubwa ni upepo. Unapuliza mwali pembeni, vitunguu vinavyotaka dakika ishirini vinachukua arobaini, na mtu mwenye haraka anatia nyama vikiwa bado vyeupe. Pilau lake linakuwa na rangi ya mgonjwa. Weka kinga ya bati upande upepo unakotoka, lakini mtungi wa gesi ubaki nje ya kinga, mbali na joto. Angalia na gesi yenyewe. Butani, ile ya mtungi wa buluu, hukataa kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi sifuri, na jiko linafifia nyama ikiwa nusu mbichi. Majira ya baridi ni propani, mtungi mwekundu.

Jiko la gesi huunguza katikati na kuacha juu mchele mbichi. Ukifika wakati wa kukausha, punguza moto, weka bamba la chuma chini ya sufuria, kisha palia mkaa juu ya mfuniko kwa nusu saa. Uwe mkaa wa mti. Ule wa kushindiliwa uliotiwa mafuta ya kuwashia hutoa harufu inayoingia kwenye chakula. Chini ya mfuniko tunatandika majani ya mgomba, yanayouzwa yameganda kwenye maduka ya Wahindi: yayeyushe, yapitishe juu ya makaa hadi yang'ae na kulegea, ndipo uyatandike. Ukiyaweka bila kuyapitisha motoni yanapasuka. Harufu ya jani hilo likiguswa na moto ndiyo huwatoa machozi waliokuwa wamejikaza tangu asubuhi.

Mvua ikinyesha, kamwe msiingize sigiri, yaani jiko la mkaa, ndani, wala kwenye hema, wala gereji, hata makaa yakionekana yamezima. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa wamelala. Majirani nao waambiwe siku moja kabla na wapelekewe sahani. Vinginevyo malalamiko yatafika halmashauri kabla ya dua kuisha.

Na gharama? Ni mchango, sawa na nyumbani, isipokuwa huyu anayechanga huku ndiye huyohuyo mliyemtumia ujumbe wa pesa za turubai na ng'ombe. Mara nyingine analipia matanga mawili ya mtu mmoja. Mlijue hilo kabla ya kuandika "mnakula tu".

Mtu akija huku, mpeni mwiko mrefu wa mti mgumu na bizari iliyosagwa ikafungwa vizuri. Nyama kavu na samli msihangaike nazo. Nyama na vyakula vya maziwa kutoka Uganda haviruhusiwi kuingia, vitachukuliwa uwanja wa ndege.